Namna ya kuikagua ripoti ya tume pale ulinzi wa anga uliposhindwa

Ripoti ya uchunguzi wa shambulio la anga huwa na sehemu mbili zinazosomwa na kila mtu, muhtasari na mapendekezo, na sehemu moja isiyosomwa na karibu yeyote, nayo ni viambatisho. Muhtasari umepitiwa na wanasheria, makamanda na wasemaji kabla haujakufikia. Viambatisho hupitiwa harakaharaka, na humo ndimo saa, umbali na majina ya mitambo yanapobaki jinsi yalivyoandikwa siku ya tukio. Anzia huko.

Kutilia shaka ripoti ni kazi, na ina vifaa vyake. Pakua nakala siku ileile inapotoka. Andaa jedwali la kompyuta, kikokotoo chenye kipeuo cha pili, na ramani ya mtandaoni inayopima umbali na mwinuko wa ardhi. Kisha kusanya kila tamko lililotolewa na jeshi na serikali katika siku tatu za kwanza baada ya shambulio. Hayo matamko yatafute mapema kuliko vitu vingine vyote, maana ndiyo hutoweka kwanza, na ndiyo utakayolinganisha na ripoti.

Barua ya uteuzi kwanza, matokeo baadaye

Hadidu za rejea, yaani maagizo ya kazi yaliyomo kwenye barua ya uteuzi, ndizo zinazoamua tume itagundua nini, hata kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa. Ziandike pembeni kwa maneno yake yenyewe, kisha jiulize: aliyeiteua tume, je, na yeye ni miongoni mwa wanaopaswa kuhojiwa? Kipindi kinachochunguzwa kinaanza lini? Mashahidi walikula kiapo? Tume ina nguvu ya kisheria ya kudai nyaraka na rekodi, au ilichukua ilichopewa?

Swali la kipindi ndilo linalopuuzwa zaidi. Uchunguzi ukianza asubuhi ya shambulio, basi uamuzi wa kutonunua rada ya ziada, wa kupunguza wahudumu wa zamu au wa kuhamisha kikosi miezi minane kabla umeshatolewa nje ya mlango. Kitakachobaki ndani ni luteni aliyekuwa kwenye kiti.

Tazama Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani huko Hawaii. Shambulio lilikuwa tarehe 7 Desemba 1941. Tume ya Jaji Owen Roberts iliundwa tarehe 18 mwezi huohuo, na kabla Januari haijaisha ripoti ilikuwa imeshatoka. Wajumbe walikuwa watano, wanne kati yao wakiwa maofisa wa jeshi, walio kazini au waliostaafu. Agizo la Rais liliwataka wachunguze kama uzembe au makosa ya uamuzi ya watu wa Jeshi la Nchi Kavu na la Majini yalichangia mafanikio ya adui. Kwa agizo la namna hiyo, majibu yangetoka wapi kama si kwa makamanda wa Hawaii? Admirali Kimmel na Jenerali Short wakatiwa hatiani kwa kutotimiza wajibu. Mwaka 1946 kamati ya pamoja ya Bunge la Marekani, iliyokuwa na uwanja mpana zaidi na muda wa kutosha, ilisema yalikuwa makosa ya uamuzi, si kutotimiza wajibu, na ikawagusa pia waliokuwa Washington. Tukio ni lilelile. Kilichobadilika ni barua ya uteuzi.

Kwa hiyo hesabu siku. Tume iliyomaliza kazi ndani ya wiki sita kuhusu mfumo wenye rada, vituo vya amri na vikosi kadhaa haikupata muda wa kusikiliza rekodi zote, hata kama wajumbe wake ni waadilifu kiasi gani. Na kama mchunguzi ni jeshi lenyewe, basi ni kesi ya nyani, hakimu ngedere: isome, lakini usiitegemee kwa swali la nani alaumiwe. Kwa swali la mtambo uliharibikaje, uchunguzi wa ndani mara nyingi ni bora kuliko wa wanasiasa, kwa kuwa wanaoufanya wanaujua mtambo.

Jedwali la saa

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayochosha. Tengeneza safu sita: saa, tukio, nani aliliona, chanzo (rekodi ya chombo, sauti iliyonaswa, daftari la zamu, au kumbukumbu ya mtu), saa ya kifaa gani, na ukurasa. Kila chanzo kipe mstari wake. Ripoti tatu zikitaja tukio moja kwa saa tatu tofauti, hiyo ni mistari mitatu. Usiiunganishe, kwa sababu tofauti hizo ndizo unazozitafuta.

Andika saa zote kwa mtindo wa saa 24 na kwa majira ya ulimwengu, kisha weka majira ya mahali kwenye safu ya pembeni. Ukichanganya saa ya Kiswahili na saa ya ripoti utapotea kwa saa sita, na ukichanganya majira ya meli na majira ya nchi kavu utapotea kwa saa kadhaa nyingine bila kujua.

Jedwali likijaa, tafuta mambo matatu. La kwanza ni mapengo: dakika ambazo ripoti haisemi lolote huku ikieleza sekunde kwa sekunde kilichotangulia. La pili ni saa mviringo. Daftari la zamu lenye 04:10, 04:15, 04:20 huenda limeandikwa baadaye, kwa kuwa matukio ya kweli huangukia 04:13. La tatu, lenye uzito kuliko yote, ni taarifa inayofika kabla ya jambo lenyewe kutokea.

Hilo la tatu lilitokea Marekani. Mei 2003 maofisa wa NORAD, kamandi ya ulinzi wa anga ya Amerika Kaskazini, waliieleza tume ya mashambulio ya Septemba 11, 2001 kwamba waliarifiwa kuhusu ndege ya United 93 saa 3:16 asubuhi, na kuhusu American 77 saa 3:24. Tatizo ni kwamba United 93 ilitekwa saa 3:28. Tume ilitumia amri ya kisheria kupata kanda za sauti za kituo cha kaskazini mashariki, na kanda zikaonyesha kwamba onyo la dakika hizo halikuhusu American 77 hata kidogo. Walikuwa wanaitafuta American 11, wakidhani bado iko angani ikielekea Washington, ilhali ilikuwa imeshagonga jengo la New York tangu saa 2:46. Habari za United 93 ziliwafikia saa 4:07, dakika nne baada ya ndege kuanguka. Yote haya yalikuwa ndani ya safu mbili za jedwali, na yeyote angeweza kuyaona kama angepata kanda.

Tofauti ya dakika moja au mbili kati ya vyombo viwili usiishangilie, maana mara nyingi saa hazikulinganishwa. Ripoti nzuri hueleza saa zilisahihishwa vipi na kwa kiasi gani. Ripoti isiyosema lolote kuhusu hilo huenda haikusahihisha.

Kwenye safu ya chanzo, pale mtu anapopingana na chombo, kiamini chombo mpaka upate sababu ya kutokiamini. Julai 3, 1988 wahudumu wa meli ya kivita ya Marekani, USS Vincennes, walimripotia nahodha kwamba ndege inayowajia inashuka. Rekodi za Aegis, mfumo wa rada na silaha wa meli hiyohiyo, zilionyesha ndege inapanda muda wote. Ilikuwa ndege ya abiria, Iran Air 655, yenye watu 290, na meli ikaitungua. Hawakuwa wanadanganya, msongo uliwafanya waone walichotarajia kuona. Ndiyo maana ushahidi wa watu kumi wanaokubaliana, waliokuwa chumba kimoja na wamekuwa wakizungumza tangu siku ile, usiuhesabu kama ushahidi kumi.

"Ziliruka chini mno": pima mwenyewe

Utetezi huu utaukuta karibu kila ripoti, na mara nyingi ni wa kweli kwa nusu tu. Rada ya ardhini haioni ng'ambo ya mkunjo wa dunia. Umbali wa mwisho wa kuona hupatikana hivi:

umbali (km) = 4.12 × (√urefu wa antena + √kimo cha shabaha), vyote viwili kwa metre.

Chukua antena yenye urefu wa metre 20 na kombora la kruzi linaloruka metre 30 juu ya ardhi. Kipeuo cha 20 ni 4.47, cha 30 ni 5.48, jumlisha, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita 41. Kombora linalokwenda metre 250 kwa sekunde litazimaliza kilomita hizo kwa sekunde 164. Toa sekunde 60 za kulifuatilia, kulitambua kama ni la adui na kupata idhini ya kurusha, na tayari limeshasogea kilomita 15. Kwa hiyo muda upo, lakini ni mfupi, na mhudumu aliyetoka chumbani kwa dakika mbili ameumaliza.

Sasa weka rada ileile juu ya kilima cha metre 200. Umbali unakuwa karibu kilomita 84, na muda unazidi dakika tano na nusu. Hapo ndipo ramani ya mwinuko inapofanya kazi: kama kuna kilima karibu na kituo, swali lako halihusu tena kimo cha makombora, bali nani aliiweka rada bondeni na kwa nini.

Kwa droni yenye injini ya pangaboi inayokwenda kilomita 180 kwa saa, yaani metre 50 kwa sekunde, kilomita 41 zilezile ni zaidi ya dakika 13. Utetezi wa kuruka chini hautoshi tena. Tafuta sababu nyingine ndani ya viambatisho. Rada nyingi huchuja vitu vya mwendo mdogo ili skrini isijae ndege wa angani na magari, na mtu fulani ndiye aliyeweka kiwango cha mchujo. Nyingine hazizunguki: rada ya Patriot, mtambo wa Marekani wa kutungua ndege na makombora, ile ya miongo iliyopita, hutazama upande mmoja, kama nyuzi 120, na kinachopita mgongoni hakipo kwake. Saudi Arabia ilipoonyesha mabaki ya droni 18 na makombora 7 ya kruzi baada ya shambulio la Septemba 14, 2019 dhidi ya vituo vyake vya mafuta vya Abqaiq na Khurais, ilisema yalitoka kaskazini. Kwa tukio la aina hiyo, swali la kwanza kwenye daftari lako liwe rada zilielekezwa wapi siku hiyo, na kwa amri ya nani.

Fomula hii ina mipaka yake. Inadhani ardhi ni tambarare na hewa ni ya kawaida. Milima hupunguza umbali sana, na juu ya bahari yenye joto hali ya hewa huweza kuuongeza au kuupotosha. Itumie kujua kama maelezo yanawezekana, si kuthibitisha sekunde.

Asilimia za kutungua

Ukiona "asilimia 90 zilitunguliwa", uliza asilimia 90 ya nini. Chukua mfano wa vitu 100 vilivyorushwa. Ishirini vikaanguka vyenyewe njiani, thelathini vikaachwa vianguke uwanda mtupu, hamsini vikarushiwa makombora, na kati ya hivyo 45 vikatunguliwa. Msemaji anaweza kusema asilimia 90, anaweza kusema 45, anaweza kusema 95 hazikufika zilikolenga, na mara zote tatu hajasema uongo. Tafuta namba nne (vilivyorushwa, vilivyoingia, vilivyorushiwa, vilivyofika) na kama moja haipo, iandike kuwa haipo.

Kisha uliza kutungua kulithibitishwaje. Baada ya Vita vya Ghuba vya 1991, Jeshi la Marekani lilidai Patriot ilifanikiwa kwa asilimia 80 Saudi Arabia na 50 Israel, kisha likashusha hadi 70 na 40. Theodore Postol wa MIT alichambua picha za video na kupinga vikali. Septemba 1992 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, ilisema ushahidi wenye nguvu kabisa wa kuharibu kichwa cha kombora ulikuwepo kwa takriban asilimia 9 tu ya mapambano. Sehemu ya pengo hilo ilitokana na kuhesabu mlipuko uliotokea karibu na shabaha kama ushindi.

Hesabu pia ghala. Mitambo sita ya kurushia yenye makombora manne kila mmoja ni makombora 24. Kawaida shabaha moja hurushiwa mawili, kwa hiyo ni shabaha 12, halafu kupakia upya. Shabaha ya 13 ikipenya, si kwa uzembe wa mtu yeyote aliyekuwa zamu usiku ule. Hata kama risasi zinatosha, kombora lenye uwezekano wa 0.7 likirushwa mara mbili linafikisha 0.91, na kwa shabaha 30 uwezekano wa kuzitungua zote ni kama asilimia 6 tu. Tegemea mbili au tatu zipenye. Ripoti inayolaumu kikosi kwa kupitwa na tatu kati ya thelathini imekwepa swali la nani aliyeahidi kwamba hazitapita.

Mtu au mtambo

Tume hupenda kuchagua kimoja. Wewe fuatilia kile cha pili. Zikiandika "kosa la kibinadamu", tafuta kizuizi kilichopaswa kulikamata kosa hilo. Zikiandika "hitilafu ya kiufundi", tafuta nani aliijua kabla.

Mfano safi wa hitilafu ya kiufundi ni Dhahran, Saudi Arabia, Februari 25, 1991, ambako kombora la Scud la Iraq liliua wanajeshi 28 wa Marekani. Betri ya Patriot ilikuwa imewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Saa ya kompyuta ilihesabu kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na namba hiyo haikai sawasawa kwenye biti 24, hivyo kosa dogo likajilimbikiza. Kwa hesabu za GAO, baada ya saa 8 dirisha la kutafutia shabaha lilikuwa limehama metre 55, baada ya saa 20 metre 137, na baada ya saa 100 metre 687, ambapo kosa la saa ni sekunde 0.34. Mtambo ulitazama mahali ambapo Scud haikuwepo. Watu wengi huishia hapo na kuita kosa la programu. Endelea mbele kidogo: Waisraeli walikuwa wamegundua kuhama huko na data zao zikafika Februari 11. Programu iliyorekebishwa ikatoka Februari 16. Februari 21 watumiaji walitumiwa ujumbe kuwa kuwasha mtambo kwa "muda mrefu sana" kunaweza kuleta tatizo, bila kutaja ni saa ngapi, na kuzima na kuwasha kungetosha kuliondoa. Programu mpya ilifika Dhahran Februari 26. Kwa hiyo hitilafu ilikuwa ya mtambo, lakini kilichoua kilikuwa ujumbe usio na namba.

Upande wa kosa la mtu, tazama ripoti ya Iran kuhusu ndege ya abiria ya Ukraine, PS752, iliyotunguliwa Januari 8, 2020 na kuua watu 176. Ilisema mtambo ulihamishwa na mwelekeo wake haukusahihishwa upya, ukabaki na kosa la zaidi ya nyuzi 100, hivyo ndege inayotoka Tehran ikaonekana kama kitu kinachoijia Tehran. Ni maelezo yanayopimika, na hilo ni jema. Ila anga ilikuwa haijafungwa kwa ndege za kiraia saa chache baada ya Iran kurusha makombora yake Iraq, na kufungwa kwa anga hakuamuliwi na mhudumu wa mtambo. Huo ndio mstari ambao Kanada na Ukraine waliushikilia walipoikosoa.

Njia ya haraka ya kuona ripoti inamkwepa nani: chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi kisicho na mtendaji. "Taarifa haikufikishwa." "Tathmini ilionekana kutosha." "Uamuzi ulichukuliwa." Linganisha na mahali ambapo cheo kimetajwa. Mara nyingi utakuta vyeo vya chini vina vitenzi vyao na vyeo vya juu havina.

Kurasa zilizopakwa weusi

Si kila weusi ni hila. Masafa ya redio, umbali halisi wa kugundua, na udhaifu ambao bado haujatibiwa vinastahili kufichwa. Vyeo, saa za mikutano na tarehe za barua havistahili. Hesabu weusi kwa sura. Kama sura ya mitambo iko wazi na sura ya amri imejaa wino, umepata jibu la nani aliyeshika kalamu.

Weka pia maelezo ya mwanzo pembeni mwa toleo la baadaye. Meli ya kivita ya Uingereza, HMS Sheffield, ilipigwa na kombora la Exocet Mei 4, 1982, wakafa watu 20. Kwa miaka mingi maelezo yaliyosambaa ni kwamba mawasiliano ya setilaiti yaliziba kifaa cha kunusa rada za adui, jambo ambalo ni kweli. Ripoti ya bodi ilitoka 2006 ikiwa imefichwa sehemu, na kamili 2017. Hapo ndipo umma ukasoma kwamba ofisa wa ulinzi wa anga alikuwa ametoka chumba cha operesheni akinywa kahawa, na msaidizi wake naye ametoka. Ukweli wa kwanza ulitumika kufunika wa pili kwa miaka 35.

Kagua shaka zako pia

Kwa kila shaka uliyoandika, andika kando yake hati au rekodi moja ambayo ikitolewa ingeimaliza. Shaka isiyo na hati ya namna hiyo ikate. Saa za uongo za NORAD zilizaa nadharia nyingi za njama, kwa kuwa zilionyesha jeshi lenye muda wa kutosha na lisilofanya kitu. Kanda zilionyesha kinyume: muda haukuwepo. Walichokuwa wamekifunika ni kuchanganyikiwa, na ripoti nyingi mbovu hufunika hichohicho.

Hati hizo ndizo utakazoomba. Usiombe "nyaraka zote kuhusu shambulio", kwani ombi hilo hukataliwa kwa sentensi moja. Omba rekodi ya sauti ya kituo fulani kuanzia saa fulani hadi saa fulani, daftari la matengenezo la mtambo fulani kwa siku 30 kabla, au ratiba ya zamu ya usiku ule majina yakiwa yamefutwa. Taja ukurasa wa ripoti unaoitaja rekodi hiyo, ili wasiweze kusema haipo. Na ile nakala uliyopakua siku ya kwanza ilinganishe na iliyopo mtandaoni kila baada ya wiki chache, ukianza na viambatisho.